Rada Safi, Rada Chafu

Mwezi huu nilipanga tuongelee zawadi za kupeana wanandoa bila kufilisiana, lakini mada hiyo naiweka kiporo. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu na nikilikalia kimya nitapasuka. Jambo lenyewe ni la neno moja tu, lina herufi nne, na lilinifanya nimcheke mume wangu siku ambayo alihitaji nimshike mkono.

Wale wa siku nyingi humu mnajua kwamba nimeolewa na Mkenya, mtoto wa Eastlands, Nairobi. Mimi ni wa hapahapa Dar, nimezaliwa Temeke na kukulia Temeke. Watu wakisikia hivyo husema, "Afadhali nyie, mnaongea lugha moja." Thubutu! Kiswahili chetu ni kimoja kwenye taarifa ya habari. Tukishaingia ndani na kufunga mlango, kila mtu ana chake.

Nilianza kulijua hilo tangu meseji yake ya kwanza kabisa. Tulikuwa tumekutana kwenye semina, tukapeana namba, kesho yake asubuhi simu ikalia. Nafungua, nakuta neno moja: "Rada?"

Basi. Hakuna habari ya asubuhi, hakuna umeamkaje. Rada!

Sasa mimi Mtanzania ukiniambia rada najua uwanja wa ndege. Tena najua na ile rada iliyotutoa jasho miaka ya 2000, mtambo wa kuongozea ndege tuliouziwa na BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28 hivi. Kelele zilipigwa mpaka kampuni ikarudisha paundi milioni 29.5 mwaka 2012, sisi wenyewe tukaziita chenji ya rada, na zikapelekwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Zaidi ya hapo, rada naikuta kwenye kurasa za michezo, mchezaji fulani yuko kwenye rada za Yanga au Simba. Nikamwonyesha shoga yangu wa ofisini. "Huyu kaka ananitaka mimi, au anataka kununua ndege?" Akaniambia, "Mwenzangu, huyo anakuchunguza. Usimjibu."

Nilikaa siku mbili sijajibu. Siku ya tatu akanipigia na kunifundisha kwa upole wote. Kwao rada ni salamu. "Rada?" au "Rada ni gani?" ni kama sisi tunavyosema "Vipi, inakuwaje, mpango gani?" Ukiambiwa "kaa rada", kaa macho. Ukiwa mambo yako yamenyooka, unajibu "Rada safi." Nikajibu rada safi, na mengine mnayajua, mpaka pete.

Kumbe sikumaliza somo.

Mwezi uliopita mume wangu alikuwa Nairobi kikazi. Ijumaa jioni mimi niko saluni, kichwa kimejaa dawa, simu ikalia. "Rada chafu babe. Nitakucheki." Nikacheka peke yangu. Nikajua ni yale maneno yake ya kwao, labda amekosa usafiri, labda mvua imemnyeshea. Nikamjibu, "Isafishe basi, au nikutumie sabuni?" Nikaweka na vikatuni vya kucheka vitatu.

Akasoma. Nikaona tiki mbili za bluu. Halafu kimya.

Kimya cha Ijumaa usiku nikakivumilia. Jumamosi asubuhi nikapiga, haipokelewi. Mchana nikaandika, "Naomba unipigie asap." Jioni nikaandika tena, asap imekuwa herufi kubwa. Usiku nikaandika, "Nitumie location yako sasa hivi." Jumapili sikuandika kitu, nilianza kufungua kabati na kuangalia nguo zake zipi zipo na zipi hazipo. Wanawake wenzangu mnajua akili inavyotembea saa hizo. Nilishampatia mwanamke, nikampatia na mtaa anaokaa, nikajua na rangi ya mapazia yake.

Jumapili usiku nikampigia wifi yangu, nikiwa nimeshapanga maneno makali. Nikamsomea ile meseji. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Wifi, alikuambia rada chafu, na wewe ukamuuliza sabuni? Wee!"

Akanieleza. Mtaani kwao rada chafu siyo utani. Ni neno la kuambiana kwamba mambo yameharibika, pana hatari, jihadhari. Vijana wamekaa kijiweni, mmoja akiona askari wanakuja anasema rada chafu na wote wanatawanyika. Mume wangu na wenzake walikuwa wameitwa kwenye kikao cha dakika chache Ijumaa mchana, wakaambiwa mkataba umekatizwa, asanteni kwa kazi nzuri. Alitoka pale, kitu cha kwanza alichofanya ni kuniandikia mimi, kwa lugha aliyolelewa nayo. Nami nikamtania. Tangu hapo alikuwa kwa mama yake, kalala kwenye kochi, hataki kuongea na mtu. Ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa mwisho wa mwezi na alikuwa hajui aanzie wapi kuniambia.

Jamani, nilijisikia mdogo kama punje.

Jumatatu alfajiri nikaomba ruhusa kazini na kupanda basi la Nairobi. Ni safari ya kutwa nzima, unapita Namanga, usingizi haukuja, nikawa na simu tu mkononi. Kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nikaanza kulitafuta hili lililonitia aibu. Nikakuta lina ukoo, na ukoo wenyewe ni wa jeshini.

Rada kwa asili siyo neno kabisa. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza "radio detection and ranging", yaani kutambua kitu na kupima umbali wake kwa mawimbi ya redio. Jeshi la Majini la Marekani ndilo lililoanza kulitumia jina hilo mwaka 1940, katikati ya Vita Kuu ya Pili, wakati Waingereza nao wakiwa na mitambo ya namna hiyo kwenye pwani yao wakitazama ndege za Wajerumani zikija. Mwanzoni liliandikwa kwa herufi kubwa zote, kama siri ya serikali. Vita vikaisha, herufi kubwa zikaanguka, likawa neno la kawaida la Kiingereza. Sisi tukalichukua, tukaiacha ile "r" ya mwisho, likawa rada, linaingia kwenye sentensi kama meza au kalamu. Halafu vijana wa Nairobi wakalichukua kwetu, wakalitoa kwenye ndege na kulipeleka kijiweni. Rada ikawa ile hali ya kujua kinachoendelea karibu yako kabla hakijakufikia. Ukifikiria vizuri, hawakukosea.

Na siyo hilo peke yake. Wanajeshi wanapenda vifupisho kuliko watu wote duniani, na sababu inaeleweka. Amri ikipita kwenye simu ya upepo ni lazima iwe fupi, fomu ni nyingi, vikosi ni vingi, na kila kitu lazima kiwe na jina kwenye daftari. Halafu wanajeshi hurudi nyumbani. Wamarekani zaidi ya milioni 16 walivaa gwanda katika Vita Kuu ya Pili, na walipolivua, maneno yalibaki mdomoni. Wakaenda nayo kiwandani, ofisini, na kwa wake zao.

Chukua "asap" yangu hiyo niliyokuwa nikimtupia mume wangu. Ni "as soon as possible", haraka iwezekanavyo, na ilianza kuonekana kwa kifupi hicho jeshini Marekani katikati ya karne iliyopita. Kutoka kambini ikahamia ofisini, kutoka ofisini ikaingia kwenye barua pepe za mabosi wetu, na mimi nikaitoa kwa bosi na kuileta chumbani. Nilipokuwa kwenye basi niliirudia meseji yangu nikaiona ilivyo. Ilikuwa amri. Mtu amelala kwenye kochi la mama yake kapoteza kazi, mkewe anamtumia amri.

Kuna "snafu", ambayo Wamarekani huisema jambo likivurugika kijinga. Kirefu chake ni kejeli ya askari wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 1940, kwamba hali ni kama siku zote, kila kitu kimevurugika, ila hapo kwenye kuvurugika wao walikuwa na tusi. Jeshi lenyewe halikukasirika. Kati ya 1943 na 1945 lilikuwa na katuni za sinema za kufundishia askari, na yule askari mzembe wa kwenye katuni aliitwa Private Snafu. Mmoja wa waandishi wake alikuwa Theodor Geisel, ambaye wazazi mnamjua kwa vitabu vya watoto kwa jina la Dr. Seuss.

Kuna "GI", jina la askari wa Marekani. Kwenye daftari za stoo za jeshi hilo lilikuwa limeanza kama "galvanized iron", chuma kilichopakwa zinki kama mabati yetu, kilichotengenezea ndoo na mapipa ya taka. Baadaye watu wakadhani ni "government issue", mali ya serikali, wakaliita kila kitu cha jeshi GI, mpaka askari mwenyewe. Hebu fikiria, jina lianzie kwenye pipa la taka, limalizikie kwa mume wa mtu!

Na nyie mnaopanga kwenda fungate Zanzibar mkapige mbizi ya skuba, mjue kwamba nayo ni kifupi. Ni "self-contained underwater breathing apparatus", kifaa cha kupumulia chini ya maji. Jina hilo lilitolewa miaka ya 1950 na daktari wa Kimarekani, Christian Lambertsen, ambaye wakati wa vita alitengenezea wapiga mbizi wa kijasusi vifaa vya kupumulia. Leo neno hilo lina harufu ya likizo na mafuta ya kujipaka, hakuna anayekumbuka vita.

Nilifika Nairobi usiku. Mume wangu alikuja kunipokea stendi, kakonda kwa siku tatu utadhani mwezi. Sikumwambia kitu pale. Nilimshika mkono tu, tukaenda kwa mama mkwe.

Kesho yake mchana mama mkwe akasema hatuwezi kukaa ndani kama wafiwa, akatupeleka Kariokor tukale nyama choma. Nikamwambia mama, hata sisi Dar tuna Kariakoo. Akacheka. "Ni mama mmoja hao, mwanangu." Na ni kweli. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walichukua mamia ya maelfu ya Waafrika wa huku kubeba mizigo ya jeshi, chakula na risasi, porini kwa miguu. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Walipokuwa na kambi Nairobi, watu wakapaita Kariokor. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916, wapagazi hao wakapiga kambi pale tunapokwenda leo kununua vitenge na chaja za simu, watu wakapaita Kariakoo. Nimepita Kariakoo maisha yangu yote, sijawahi kujua kwamba natamka jina la kikosi cha jeshi.

Mama mkwe akaendelea. "Baba yangu mimi alikuwa keya." Nikamuuliza keya ni nini. Akanishangaa, Mswahili wa Dar hajui keya! Kumbe ni KAR, King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililoundwa mwaka 1902, lililokuwa na askari wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Wazee hawakuwa na muda wa kutaja kirefu. Wakazishika zile herufi tatu, wakazifinyanga, zikawa keya. Na Kiswahili chao cha kambini, kile cha amri, kisicho na habari na ngeli, kikaitwa Kikeya. Baba yake alipelekwa mpaka Burma kupigana na Wajapani, akarudi na koti, na kikohozi, na tabia ya kuwaita watoto wake kwa filimbi.

"Alikuwa anatupenda?" mama akajiuliza mwenyewe. "Alikuwa anatupenda. Lakini alikuwa hajui kuongea kama mtu. Alikuwa anatoa amri tu. Mama yangu alikufa hajawahi kuulizwa umeamkaje."

Mume wangu akaniangalia, nami nikaangalia sahani yangu. Zile asap zilikuwa bado ziko kwenye simu yake.

Baada ya chakula mama akatuacha wenyewe, anajua mambo. Ndipo nikamuomba msamaha kuhusu sabuni. Akaniambia, "Nilijua hukuelewa. Nilijua hata nikiwa na hasira. Lakini sikuwa na nguvu ya kukutafsiria."

Nami nikamwambia la kwangu, maana na yeye alikuwa na kosa. Siku tatu! Kwenye basi nilisoma kifupi kingine cha jeshi, "AWOL", ambacho Wamarekani hata raia wanakitumia kwa mtu aliyepotea bila kuaga. Maana yake ni kutokuwepo bila ruhusa. Jeshi la Marekani linatofautisha kati ya mtu huyo na mtoro kamili. Aliyeondoka bila ruhusa lakini ana nia ya kurudi ana kosa lake, na aliyeondoka moja kwa moja ana kosa lingine kubwa zaidi. Zikipita siku 30 hajaonekana, wanamhesabu kuwa mtoro. Nikamuuliza, "Wewe ulikuwa yupi? Maana mimi nyumbani nilishakuhesabu mtoro siku ya pili."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Nilikuwa narudi. Sikutoka kabisa. Nilikuwa natafuta sura ya kurudi nayo."

Tulikaa pale mpaka jua likazama. Tulipiga hesabu ya ada, ya kodi, ya akiba iliyopo, ya muda gani tunaweza kwenda na mshahara mmoja. Haikupendeza, lakini ilihesabika. Kitu ambacho hakikuwa kinahesabika ni zile siku tatu ambazo mimi nilikuwa najenga nyumba ya mwanamke ambaye hayupo.

Sasa wapenzi, niwaambie nilichojifunza. Rada ile ya ukweli, mtambo wenyewe, haina uchawi. Inatuma wimbi, wimbi linagonga kitu, linarudi. Kwa muda uliopita kati ya kutuma na kurudi, inajua kitu kiko umbali gani. Mume wangu alituma wimbi lake Ijumaa jioni, na kilichomrudia ni kicheko. Akajua niko mbali. Mimi nikatuma la kwangu na location nikadai, nikitegemea GPS, ambayo nayo ni kifupi cha jeshi, mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani ulioanza mwaka 1973. GPS ingeniambia yuko Eastlands kwa mama yake. Isingeniambia kwamba amelala na viatu.

Kwa hiyo kabla hujamcheka mwenzako, muulize, "Kwa lugha yako hilo lina maana gani?" Hata kama mmetoka kata moja. Kuna nyumba mke anasema "sina neno" akiwa na maneno mia, na mume anasikia hana neno. Kila mtu amelelewa na maneno yake, na siku ya shida hukimbilia yale ya utotoni.

La pili, maneno ya ofisini yaache getini. Asap iachie kazi. Mwambie mwenzako, "Nina wasiwasi, naomba nisikie sauti yako." Ni ndefu kidogo lakini haina gwanda.

Na la mwisho, vifupisho vinaweza kuwa vyenu. Waangalie Watanzania na FFU. Kirefu rasmi ni Field Force Unit, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia. Wananchi wakaona hakiwafai, wakajitungia chao: Fanya Fujo Uone. Nani leo hakijui? Sisi nasi tumeichukua rada na kuipa sheria ya nyumbani. Mmoja akisema rada chafu, mwenzake hacheki, haulizi maswali mengi, hataki location. Anajibu neno moja, "Nakuja." Hata kama kuja kwenyewe ni kutoka jikoni mpaka sebuleni.

Mume wangu bado anatafuta kazi. Ada ya muhula huu tumelipa kwa kuuza kitu ambacho sitakitaja, shoga zangu mtanicheka. Jana asubuhi niko kwenye daladala, simu ikalia. "Rada?" Nikamjibu rada safi, nikamuuliza yake. Akakaa kama dakika mbili hivi, halafu akaandika, "Siyo safi sana leo. Lakini niko."

Hilo limenitosha. Tukutane mwezi ujao, na ile mada ya zawadi nawaletea, maana sasa kwa bei nafuu mimi ni mtaalamu.